Tangi la Hooyo na Dola za Minneapolis

Shimo lilikuwa tayari kabla pesa hazijatoka Marekani. Fundi na vibarua wake walilichimba nyuma ya nyumba ya Hooyo, mama yetu, pale paa la mabati linapomwaga maji, wakashuka mpaka kwenye mwamba wa chokaa ambao mji wa Wajir umekaa juu yake, wakaupiga sururu siku hadi siku mpaka fundi akasema kina kinatosha. Hiyo ilikuwa Februari 2025. Mvua ya gu, masika yetu, huanza kutazamiwa mwisho wa Machi. Katikati hapo tulihitaji simiti, vyuma, mchanga, mifereji ya paa na pampu, na fedha za vyote hivyo zilikuwa kwa dada yangu kule Minneapolis.

Mgeni huuliza kwa nini familia ya Wajir ihangaikie maji ya mvua ilhali mji huu unajulikana kwa visima. Ni kweli kwamba visima ndivyo vilivyouzaa mji. Lakini maji yake yana chumvi, tena yako karibu na uso wa ardhi, na kwa miaka mingi tumeishi na vyoo vya ndoo kwa sababu shimo la choo likichimbwa hukutana na maji yale yale tunayoyateka. Kipindupindu kimetutembelea zaidi ya mara moja. Hooyo alikuwa amewauguza wajukuu wa kutosha, akasema anataka tangi chini ya ardhi, lenye mfuniko na kufuli, lijazwe na mvua ya paa lake mwenyewe. Watoto wake walio ng'ambo, dada wa Minneapolis, kaka wa Leicester na mdogo wetu wa Toronto, wakachanga dola 5,000, zikakusanywa kwa dada.

Ikabaki swali la njia, na kikao kilikaa baada ya swala ya isha.

Abti, ndugu wa Hooyo, aliyefanya biashara ya mifugo baina ya Wajir, Garissa na Nairobi tangu ujana wake, hakuona haja ya mjadala. "Zije kwa hawala, kama zinavyokuja siku zote." Mpwa wangu, aliyerudi nyumbani na shahada ya uhasibu, alikuwa na karatasi mkononi. "Babu, wakala wa hawala anataka dola 4 kwa kila 100. Kwa pesa hizi ni dola 200. Benki ya mama mdogo kule Minneapolis inatoza dola 45 peke yake, iwe unatuma 500 au 5,000." Mtu mwingine akataja M-Pesa. Mpwa akajibu kwamba akaunti ya M-Pesa hairuhusiwi kukaa na zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000, na dola 5,000 kwa bei ya wakati ule zilikaribia shilingi 645,000. Hooyo alikuwa na akaunti ya benki aliyoifungua zamani alipouza ngamia, akaunti isiyo na riba, na alipenda pesa za tangi lake zije kwa jina lake. Hoja ikafungwa hapo. Benki kwa benki.

Dada alijaza fomu usiku wa kwao. Fomu iliuliza jina la mpokeaji, namba ya akaunti, msimbo wa SWIFT wa benki, jina la tawi. Iliuliza pia IBAN, namba ndefu ya kimataifa inayotumika Ulaya na Uarabuni, na kwa hiyo tulipoteza muda mwingi tukiitafuta, kumbe Kenya haiitumii kabisa. Huku kwetu namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT, wenye herufi 8 au 11, vinatosha. Dada akabonyeza, akatutumia picha ya risiti, na fundi akaambiwa aagize simiti kwa mkopo dukani.

Ramadhani ikaingia. Pesa hazikuingia.

Kila alasiri fundi, mtu wa Meru mwenye subira kubwa, alikuja kusimama penye ukingo wa shimo. "Mwalimu, leo vipi?" Nami nilimwambia tusubiri. Benki hapa ilisema haijaona chochote, iletwe nakala ya SWIFT. Benki ya Minneapolis ilisema pesa zimekwishaondoka. Mwenye duka alianza kumsalimu mke wangu kwa sauti fupi. Majirani waliokuja kufuturu kwetu waliwashika watoto wao mkono wakipita uani, na mke wangu akakata matawi ya miiba akazungushia lile shimo, jambo ambalo halikumzuia mbuzi wa jirani kutumbukia usiku mmoja wakati wa tarawehe. Mbuzi alitoka mzima, lakini jirani hakunyamaza. Nyumbani mazungumzo yote yaligeuka kuwa ya pesa: mpwa aliacha kukaa karibu na Abti, Abti naye aliacha kusema neno, na ukimya wake ulikuwa mzito kuliko maneno.

Kisha dada akapiga simu. Pesa zimerudi. Zimerudi zimekatwa makato ya kwenda na ya kurudi, na sababu ilikuwa neno moja: jina.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu nyumba nyingi za Kaskazini Mashariki zimeumia kwa jambo hili na hazikuambiwa chanzo. Mwaka 1972 Somalia ilichagua hati ya Kilatini kwa lugha ya Kisomali, na katika hati hiyo herufi x hubeba sauti ya ح na c hubeba sauti ya ع. Jamaa zetu waliopitia makaratasi ya Somalia, au waliojifunza kuandika kwa mtindo huo, huandika Xasan, Cali, Maxamed. Vitambulisho vya Kenya huandika Hassan, Ali, Mohamed. Dada alikulia hapa Wajir, lakini miaka ya Minnesota imemzoesha maandishi ya wenzake wa kule, na aliliandika jina la mama yake kama anavyoliandika siku zote kwenye barua za familia. Kwa binadamu ni jina moja. Kwa kompyuta ya benki ni watu wawili. Ongeza hapo kwamba majina yetu yanajirudia sana, na majina kama hayo yamo katika orodha za watu waliowekewa vikwazo duniani, kwa hiyo muamala wenye Mohamed na Ali na Abdi huweza kusimamishwa ili ukaguliwe na mtu. Mama wa miaka sabini na kitu, mwenye shimo uani, anasubiri afisa asiyemjua katika mji asioujua aamue kama yeye ni yeye.

Siku ile ile dada alichukua dola 300 akaenda kwa wakala wa hawala aliye karibu na maduka ya Wasomali kule Minneapolis. Alilipa dola 12 juu yake. Kabla ya adhana ya magharibi Abti alipigiwa simu na wakala wa hapa Wajir, akaenda, akaulizwa jina la Hooyo na jina la babu yake, akarudi na noti. Hakusema "niliwaambia." Alimpa fundi sehemu yake mkononi ili mtu yule apeleke kitu nyumbani Meru, nyingine akapeleka dukani. Sakafu ya tangi ikamwagwa zege kabla ya Idi.

Siri ya kasi hiyo ni kwamba pesa zenyewe hazisafiri. Wakala wa Minneapolis hupokea dola, humtumia mwenzake wa Wajir ujumbe, na huyu hulipa kutoka kwenye sanduku lake. Deni lililobaki baina yao hulipwa baadaye, mara nyingi kupitia Dubai, ambako wafanyabiashara wetu hununua nguo, mchele, vifaa vya umeme. Kinachoshikilia kazi hiyo ni kujuana. Wakala akila pesa ya mtu mmoja, ukoo mzima utajua kabla ya Ijumaa.

Na kwa kuwa hutegemea kujuana, hawala imeshukiwa na kupigwa vita mara nyingi. Novemba 2001 Marekani iliifunga Al-Barakaat, wakati huo miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za kutuma pesa Somalia. Mwisho wa 2011 Sunrise Community Banks ya Minnesota iliacha kuhudumia hawala za Wasomali. Mwaka 2013 Barclays ya Uingereza ilitangaza kufunga akaunti zao, na Dahabshiil, mojawapo ya kampuni hizo, ikaenda mahakamani kuizuia. Februari 2015 Merchants Bank of California nayo ikajitoa. Kisha yakaja ya kwetu wenyewe. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na siku chache baadaye serikali ya Kenya ilisimamisha kampuni 13 za kutuma pesa, kwa hoja kwamba wauaji wanafadhiliwa kupitia njia hizo. Zilifunguliwa tena Juni. Hooyo anaikumbuka miezi hiyo vizuri kuliko tarehe zake. Nyumba zilizokuwa zikiishi kwa biil, ile posho ya kila mwezi kutoka kwa mtoto aliye nje, zilikopa unga. Wajane waliuza mbuzi kwa bei ya kutupa. Waliokufa Garissa walikuwa watoto wa watu, na uchungu wao ni wetu, lakini kuwafungia mama wazee mfereji wa chakula hakukumrudisha hata mmoja wao. Nimelisema hilo tangu wakati ule na bado nalisema.

Baada ya Idi dada alituma mara ya pili kwa benki. Ndugu walikuwa wamejaza pengo la makato, ikawa 5,000 tena. Jina liliandikwa kutoka kwenye picha ya kitambulisho, herufi kwa herufi, mpwa akisoma na dada akirudia. Safari hii nilimwomba atupatie ile namba ndefu ya kufuatilia ambayo kila uhamisho wa SWIFT unayo, na kwa namba hiyo benki ya hapa iliziona pesa zikiwa bado njiani. Hilo lilitutuliza kidogo. Mvua haikututuliza. Gu ilishuka usiku, kubwa, yenye upepo, kwenye kuta ambazo hazijapigwa plasta, na ukuta wa upande wa kisima ukalala ndani ya shimo na matofali yake yote. Asubuhi tulisimama pale, Hooyo, mke wangu, fundi, watoto, tukitazama maji mekundu ya paa yakijaza mahali pasipoweza kuyahifadhi. Hooyo alisema Alhamdulillahi kwa kuwa hakuna mtoto aliyekuwemo. Kisha akamwambia fundi aende akanywe chai.

Pesa zilipofika akaunti ilisoma shilingi 619,375.

Hooyo hajui kusoma lakini hesabu anaijua, maisha yote amehesabu mifugo. "Watoto wangu walituma ngapi?" Dola 5,000. "Dola moja ni ngapi sokoni?" Shilingi 129. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ziko wapi elfu ishirini na tano na ushee zilizobaki. Hakuna aliyejibu. Mpwa alichukua karatasi na kikokotoo, akaenda benki akaomba maelezo, akarudi, tukaketi naye mpaka tukazipata zote.

SWIFT, chama kilichoundwa Ubelgiji mwaka 1973, hakibebi pesa. Kinabeba ujumbe tu. Benki ya dada na benki ya Hooyo hazina akaunti baina yao, kwa hiyo pesa hupitia benki nyingine kubwa yenye uhusiano na zote mbili, na benki hiyo ya njiani hukata chake. Kwetu ilikata dola 25. Fomu ya dada ilikuwa na mahali pa kuchagua nani alipe gharama: mtumaji zote, mpokeaji zote, au wagawane. Iliwekwa wagawane, kama fomu nyingi zinavyokuja zenyewe. Benki ya hapa ikakata dola 20 za kupokea. Zikabaki 4,955. Ndipo likaja kato kubwa kuliko yote, na halikuandikwa kwenye risiti yoyote kama kato. Benki ilizigeuza dola kuwa shilingi kwa 125, wakati soko lilikuwa 129. Shilingi nne kwa kila dola. Zidisha kwa 4,955 upate shilingi 19,820.

Basi zile dola 45 za Minneapolis, ambazo ndizo tulizojadili usiku kucha, zilikuwa sehemu ndogo tu ya gharama. Ukijumlisha ada ya kutuma, makato mawili ya njiani na tofauti ya bei, safari hiyo ya pili ilitugharimu shilingi 31,430, karibu asilimia 5, na safari ya kwanza sijaigusa. Hawala tulizoziona ghali zingetoza dola 200, na noti za dola tungezibadilisha mjini kwa 128: jumla yake ni shilingi 30,800, na zingefika siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Abti alikuwa sahihi, japo si kwa mengi. Mpwa alikwenda kumwambia mwenyewe. Wakatoka pamoja kwenda msikitini.

Ila kulikuwa na njia ya tatu, na kaka wa Leicester ndiye aliyeitaja, kwa sababu biil ya Hooyo huituma kwa simu yake akiwa kwenye basi la kwenda kazini. Ni zile kampuni za kutuma pesa kwa programu ya simu. WorldRemit ilianzishwa London mwaka 2010 na Ismail Ahmed, mzaliwa wa Hargeisa. Wise ilianzishwa na Waestonia wawili mwaka 2011. Ziko nyingine. Mtumaji hulipa kutoka akaunti yake ya benki kule, kampuni hulipa shilingi huku kutoka akaunti yake iliyo Kenya, ndani ya M-Pesa au moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, bila benki ya njiani. Na kabla mtumaji hajakubali, kioo cha simu humwonyesha shilingi ngapi zitafika. Kwa bei tuliyoiona siku ile, dola 5,000 zingetugharimu takriban shilingi 7,500 jumla. Kampuni hizo huweka mipaka kwa mteja mpya, kwa hiyo kiasi kama chetu kingegawanywa mara mbili, na mtumaji akilipa kwa kadi badala ya akaunti ya benki ada hupanda. Nazo huuliza jina kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Benki ya Dunia, inayopima gharama hizi kwa mfano wa dola 200, huona wastani wa dunia ukizidi asilimia 6, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko ghali kuliko kote. Mataifa yalikubaliana ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Huku kwetu kila asilimia moja ni vitu vya kushika mkononi. Pesa tulizopoteza zingesimamisha upya ukuta ulioanguka na kumlipa fundi siku zake za kusubiri.

Tangi lilimalizika Mei, likakinga mvua za mwisho za gu, nusu ya ujazo wake. Lina mfuniko na kufuli, na ufunguo uko shingoni mwa Hooyo.

Tangu tarehe 1 Januari 2026 kuna jambo jipya ambalo jamaa wa Marekani wanapaswa kulijua. Serikali yao inatoza kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje iwapo mtumaji analipa kwa noti taslimu, hundi ya benki au hawala ya posta. Anayelipa kutoka akaunti yake ya benki, au kwa kadi iliyotolewa Marekani, hatozwi. Dada zetu waliozoea kwenda kwa wakala na bahasha ya noti ndio watakaoumia, na wengi wao ni wale wenye mshahara mdogo. Kama wakala wako anapokea malipo kutoka akaunti ya benki, mlipe hivyo.

Benki Kuu ya Kenya nayo ina neno la kusikia kutoka Wajir. Benki ya biashara inayopokea dola za mama mzee ilazimishwe kumwambia, kabla ya kuzibadilisha, bei itakayotumia na shilingi atakazopata, na impe nafasi ya kuzichukua kwa dola akitaka.

Na ninyi mlio Minneapolis, Leicester, Toronto, Jeddah na Johannesburg: ombeni picha ya kitambulisho cha mama kabla ya kuandika jina lake. Ulizeni kampuni mbili au tatu, siku ile ile, saa ile ile, swali moja tu: nikikupa pesa hizi, mama atashika shilingi ngapi mkononi? Atakayetaja nyingi zaidi, na kuwahi, mpeni yeye.